Fumbo la maneno la kila siku: ikamate mada kabla mraba haujajaa nusu

Mtu akikaa mbele ya fumbo la maneno (crossword) la gazeti la New York Times kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huanza na namba moja kwenda kulia, akishindwa huenda ya pili, kisha ya tatu, kama mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima nilipohamia New Jersey. Nilikuwa nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi Tanga, nilikuwa nafanya kazi kwa Kiingereza kutwa nzima, lakini kila Jumatano kona moja ya mraba ilibaki nyeupe. Nilidhani ninapungukiwa na msamiati, nikanunua kamusi nene. Haikunisaidia.

Nilichokosa ni kuona kwamba maneno sabini na kitu yanayojazwa katika mraba mmoja hayako sawa. Mtunzi huanza na maneno matatu, manne au matano yanayoongozwa na wazo moja. Hayo ndiyo mada. Mengine yote hujazwa baadaye ili kuyashikilia yale, kama fito zinavyoshikilia nguzo. Ukizijua nguzo, nyumba yote unaiona. Ukihangaika na fito moja moja, unachoka kabla hujafika mlangoni.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu jambo moja: namna ya kuipata mada mapema na kuitumia. Nitatumia fumbo la New York Times kama mfano kwa sababu ndilo ninalolijaza kila siku, na kwa sababu magazeti mengine ya Marekani yenye mafumbo ya mada hufuata taratibu zinazofanana nalo sana. Njiani nitachomeka mifano ya Kiswahili niliyoitunga mwenyewe, maana ujanja wa mada huonekana haraka zaidi katika lugha ya mama. Nikisema kidokezo, nina maana ya lile swali fupi lenye namba. Nikisema njiapanda, ni kile kisanduku ambapo neno la kwenda kulia linakatana na neno la kwenda chini.

Hatua ya kwanza: jua leo ni siku gani

Ugumu hupanda kadiri wiki inavyosonga. Jumatatu ni jepesi kuliko yote, Jumamosi ni gumu kuliko yote. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi fumbo huwa na mada. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida halina. Ni maneno marefu na vidokezo vya kuumiza kichwa tu. Jumapili mada inarudi, na mraba unapanuka kutoka visanduku 15 kwa 15 kuwa 21 kwa 21. Watu hutishwa na la Jumapili kwa ukubwa wake, lakini vidokezo vyake ni vya kiwango cha Jumatano au Alhamisi. Isitoshe, la Jumapili lina kichwa juu yake, na kichwa hicho kinaidokeza mada. Yale ya katikati ya wiki hayana kichwa, inabidi ujitafutie.

Fumbo lenyewe lilizaliwa New York. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha la kwanza katika gazeti la New York World, likiwa na umbo la almasi. New York Times lililidharau kwa miaka mingi. Mwaka 1924 liliandika tahariri kuuita mchezo huo upotevu wa muda. Likabadili mawazo baada ya shambulio la Japani kwenye Pearl Harbor, lililoiingiza Marekani vitani, wasomaji walipohitaji kitu cha kuwaliwaza, na fumbo la kwanza la Jumapili likatoka tarehe 15 Februari 1942. La kila siku lilianza tarehe 11 Septemba 1950. Mhariri wake wa kwanza, Margaret Farrar, ndiye aliyezikaza kanuni nyingi ambazo bado zinafuatwa, na kanuni hizo ni silaha mkononi mwako.

Hatua ya pili: usome mraba kabla ya vidokezo

Usiandike kitu bado. Angalia mraba wenyewe.

Kila herufi iko katika maneno mawili, moja la kwenda kulia na moja la kwenda chini. Hakuna neno lenye herufi chini ya tatu. Na mpangilio wa visanduku vyeusi una ulinganifu: ukiugeuza mraba juu chini, unabaki vilevile. Hii maana yake ni kwamba maneno ya mada huja kwa jozi. Kama mstari wa tatu una neno refu la herufi kumi, mstari wa kumi na tatu una jingine la herufi kumi. Kama mstari wa sita una la herufi tisa, wa kumi nao una la herufi tisa.

Basi chukua penseli, tafuta maneno marefu kuliko yote ya kwenda kulia, yawekee alama pembeni. Mara nyingi hayo ndiyo ya mada. (Kuna siku mtunzi huweka marefu ya kwenda chini ambayo hayana uhusiano na mada, au huipanga mada yote wima. Ni siku chache, na utazitambua vidokezo vitakapokataa kuelewana.)

Sasa soma kidokezo cha lile refu la chini kabisa. Hapo ndipo watunzi wengi huweka neno la ufunguo, yaani neno linalosema mada ni nini. Kidokezo chake huwa kirefu kuliko vingine, kikitaja namba za maneno mengine ya mada na kusema kuwa jibu hili linayaelezea. Siku nyingine utalipata papo hapo, na ukilipata, kazi imerahisika nusu. Usipolipata, angalau umejua pa kurudi.

Hatua ya tatu: tafuta pa kukanyaga

Pitia vidokezo vyote vya kwenda kulia mara moja, haraka, kisha vya kwenda chini. Jaza tu yale unayoyajua bila kusita. Vyepesi kuliko vyote ni vile vyenye pengo la kujaza, kwa sababu pengo halina hila nyingi: ni msemo, jina au kichwa kilichokatwa neno moja. Baada ya hapo maneno ya herufi tatu na nne.

Ukishapata neno moja la uhakika, kaa nalo. Usirukeruke mraba mzima. Jaza maneno yanayolikata hilo, kisha yanayoyakata hayo, mpaka kona ijae. Wanaojifunza wengi hutawanya neno moja hapa na moja kule, na mwisho wake wana visiwa kumi visivyofikiana.

Hatua ya nne: sikiliza kidokezo kinavyosema

Hapa ndipo Mswahili ana mtaji asioujua. Sisi tumekua na vitendawili. Bibi akisema "Nyumba yangu haina mlango," hakuna mtoto anayefikiria nyumba ya matofali; akili inakwenda moja kwa moja kutafuta kitu kingine chenye kuta na kisicho na mlango, mpaka lipatikane yai. Kidokezo cha fumbo kinadai akili hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kinafuata kanuni kali, na kanuni hizo zikishaingia kichwani unakisoma kama alama za barabarani.

Kanuni kubwa ni ya kubadilishana nafasi: kidokezo na jibu lazima viweze kukaa mahali pamoja katika sentensi. Kidokezo kikiwa kitenzi cha wakati uliopita, jibu nalo ni la wakati uliopita. Kikiwa wingi, jibu ni wingi. Kwa Kiingereza jambo hili linakupa herufi kabla hujajua neno: wingi mara nyingi unaishia na S, wakati uliopita na ED, kulinganisha na ER. Ziandike kwa wepesi kwenye visanduku vya mwisho, uone kama njiapanda inazikubali. Si kila mara, maana kuna feet na geese na ate, lakini ni kubahatisha kwenye faida.

Katika mafumbo ya Kiswahili mambo yako kinyume, na inafaa ulijue hili ukijaza lile la gazeti la nyumbani. Upatanisho wetu unaonekana mwanzoni mwa neno. Kidokezo kikianza na "walio", tegemea WA au WE. Kikitaja kitendo bila mtendaji, tegemea KU. Na kisanduku cha mwisho cha neno karibu kila mara ni irabu, ukiondoa majina kama Zanzibar. Ukiona konsonanti imekaa mwishoni mwa neno la Kiswahili, rudi uangalie ulipokosea.

Kifupisho huita kifupisho. Kidokezo cha Kiingereza kikiwa na neno lililokatwa, kama org., jibu ni kitu cha aina ya NASA au NATO. Kikitaja lugha au mji wa kigeni, jibu ni neno la huko: rafiki wa Paris ni AMI. Kikifuatiwa na e.g. au say, maana yake kilichotajwa ni mfano tu na jibu ni kundi lake. Kwa kwetu ingekuwa "Perege, kwa mfano", na jibu SAMAKI.

Alama za kunukuu humaanisha kuwa jibu pia ni kitu ambacho mtu angekitamka. "Yikes!" inajibiwa na EEK. Kwa Kiswahili, "Lahaula!" ingejibiwa na SALAALE, maana zote mbili hutoka kinywani kwa mshangao uleule.

Alama ya kuuliza mwishoni ndiyo ile "Kitendawili!" ya bibi, nawe jibu "Tega". Inakuambia kwamba maneno haya yanachezewa, usiyachukue kama yalivyo. Shika hilo sana, kwa sababu kuanzia Jumatano huziona alama hizo kwa wingi, na maneno ya mada yenyewe hupenda kuzibeba.

Kuna mtego mmoja ambao hauna alama yoyote. Kila kidokezo huanza na herufi kubwa, na watunzi hujificha nyuma yake. Kidokezo kinachoanza na neno Nice kikifuatiwa na friend hukufanya uwaze rafiki mwema. Lakini Nice ni mji wa Ufaransa, na jibu ni AMI tena. Tangu nilipoufahamu mtego huu, kila neno la kwanza la kidokezo nalisoma mara mbili, la pili nikijiuliza kama linaweza kuwa jina la mtu au mahali.

Hatua ya tano: iwinde mada

Sasa tuje kwenye kiini. Hebu tufanye kazi moja pamoja. Hili ni fumbo la kiwango cha Jumatatu nililolitunga kwa ajili ya mwongozo huu. Lina maneno manne ya mada: herufi 10, 9, 9 na 10, kutoka juu hadi chini.

La juu, kidokezo kinasema ni mashine ya kelele ya msimu wa miti kupukutika. Huenda hulijui. Lakini kwa kujaza maneno mafupi yanayolikata umeshapata herufi sita za mwisho: BLOWER, kipuliza. Kinachopulizwa msimu huo ni majani, basi LEAFBLOWER. Visanduku kumi, vimetosha.

La pili lina herufi tisa, kidokezo ni shughuli ya daktari wa meno inayoogopwa. ROOTCANAL, matibabu ya mzizi wa jino.

Simama hapa. Huu ndio wakati ambao mimi wa zamani ningeendelea na namba inayofuata. Yatazame mawili hayo pamoja. Usiangalie yanamaanisha nini, angalia yametengenezwa na nini. Mashine na meno hayana udugu. Lakini neno la kwanza ni LEAF, jani, na la pili ni ROOT, mzizi. Mianzo yake ni sehemu za mti.

Sasa nenda moja kwa moja kwenye neno la chini, lile la herufi kumi, ambalo kidokezo chake kinasema ni mchoro wa nasaba na kwamba unaeleza mianzo ya maneno mengine. Unatafuta kitu chenye TREE. FAMILYTREE, mti wa ukoo. Hesabu: kumi. Umelipata bila herufi hata moja ya njiapanda, na limekupa herufi kumi za kuanzia katika theluthi ya chini ya mraba, mahali ambapo hukuwa na kitu.

Limebaki la tatu, herufi tisa, kidokezo kinahusu mbunifu wa mavazi anayekwenda kuonyesha nguo zake dukani. Mtu aliyekulia Tanga hana sababu ya kulijua neno hilo. Lakini sasa hulitafuti katika Kiingereza chote. Unajua linaanza na sehemu ya mti: BARK, STEM, BRANCH, TRUNK. Ukipata K moja tu ya njiapanda kwenye kisanduku cha tano, ni TRUNK, na kilichobaki ni herufi nne za onyesho, SHOW. TRUNKSHOW. Umeandika neno ambalo hukuwahi kulisikia, na umeliandika kwa uhakika.

Hiyo ndiyo faida ya mada kwa sisi ambao Kiingereza si lugha yetu ya kwanza. Inatufidia utamaduni ambao hatukukulia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukishakuwa na maneno mawili ya mada, hata kama hayajakamilika, acha kujaza. Yaweke pamoja uyaulize maswali kwa mpangilio. Je, mianzo yake ina undugu? Je, miisho? Je, kuna neno lililofichwa katikati, likianzia neno moja na kuishia jingine? Mtunzi akiwa ameweka duara au kivuli kwenye visanduku, anakuambia uangalie hapo. Je, kuna herufi imeongezwa au kuondolewa kwenye msemo unaojulikana, kiasi kwamba umegeuka kuwa kitu cha ajabu? Kidokezo chenye alama ya kuuliza na jibu lisilo na maana mtaani ni dalili ya hili. Ukishaiona herufi iliyoongezwa, iongeze kwenye yote yaliyobaki. Je, ni msemo uleule, lakini umesomwa kwa maana isiyo yake?

Swali la mwisho Kiswahili kinalijibu vizuri ajabu. Tuseme nimekutungia fumbo dogo lenye majibu matatu ya herufi tano. "Hugemwa mnazini": TEMBO. "Huvaliwa ikiwa na jina": KANGA. "Mtani wa Yanga": SIMBA. Vidokezo havitaji mnyama hata mmoja. Kimoja ni kinywaji, kimoja ni nguo, kimoja ni timu ya mpira. Neno la ufunguo chini, herufi saba: MBUGANI. Ukishayaona mawili ya kwanza kuwa majina ya wanyama, la tatu unaliandika hata kama hufuatilii mpira. Na kama ningeongeza la nne, herufi nne, "Nyama ya kusaga", ungejua mara moja ni KIMA.

Alhamisi kuna hila ya pekee ambayo inawavunja moyo wageni wengi: herufi kadhaa huingia katika kisanduku kimoja. Wamarekani huiita rebus. Dalili yake ni jibu ambalo una hakika nalo kabisa, lakini halitoshi. Usilifute. Chukua mfano huu. Kwenda kulia, "Ilipo Namanga", visanduku vinne. Unajua ni MPAKANI, herufi saba, inakataa. Kwenda chini, "Kutia rangi ukutani", visanduku vitatu. Unajua ni KUPAKA, inakataa pia. Yanakatana kisanduku kimoja. Kinachofanana ndani ya yote mawili ni PAKA. Andika PAKA zima ndani ya kisanduku hicho: M, PAKA, N, I kwenda kulia, K, U, PAKA kwenda chini. Mtunzi amemfungia paka ndani ya kisanduku, na mahali pengine mrabani kuna wengine wanakusubiri, mara nyingi wamepangwa kwa ulinganifu. Kwenye karatasi andika kwa herufi ndogo ndogo. Kwenye programu ya simu kuna kitufe cha kuingiza herufi nyingi.

Mada inaweza kufika mbali kuliko hapo. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, fumbo la Jeremiah Farrell, mwanahisabati, liliuliza habari kuu ya gazeti la kesho ingekuwa nini. Jibu la herufi saba, likifuatiwa na ELECTED, lingeweza kuwa CLINTON au BOBDOLE, yaani Bill Clinton au mpinzani wake Bob Dole, na njiapanda zote zilikubali majina yote mawili. Neno la kwenda chini linaloanzia kisanduku cha kwanza lilikuwa mnyama mweusi wa Halloween: ukiandika CAT unapata C ya Clinton, ukiandika BAT unapata B ya Bob Dole. Kila nikilikumbuka nastaajabu. Herufi saba, maneno saba yanayozikata, na kila moja lina majibu mawili yaliyo sahihi.

Hatua ya sita: jaza ghala lako

Kuna maneno mafupi, mengi yake hayasikiki sana mtaani, ambayo hayakauki mrabani, kwa sababu yana irabu nyingi na watunzi wanayahitaji kubana kati ya maneno ya mada. AREA, ERA, ORE, ALOE, ARIA, OBOE, EEL. EPEE, upanga wa mchezo. ERIE, ziwa. ETNA, volkano ya Sicily. OREO, biskuti nyeusi yenye krimu nyeupe iliyoanza kuuzwa mwaka 1912. ONO na ENO, majina ya wanamuziki Yoko na Brian. OTT na ORR, wachezaji wa zamani wa besiboli na magongo ya barafuni. Uwe na daftari. Kila neno fupi lililokushinda liandike pamoja na kidokezo chake. Baada ya miezi mitatu utaona ni yaleyale yanazunguka.

Na usisahau ghala ulilozaliwa nalo. NILE, KENYA, GNU, ELAND, TSETSE, SAFARI, OBAMA, AMIN, hata IDI peke yake kwa herufi zake tatu. JENGA, mchezo wa vibao vya kupanga, umechukua jina lake kwenye kitenzi chetu. Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina kanuni saba zenye majina ya Kiswahili, na NIA na UMOJA zinafaa sana mrabani. Kumbuka tu kwamba Kwanzaa inaandikwa na A mbili mwishoni, herufi saba. Mara ya kwanza niliiandika kama tunavyoiandika sisi, na kona nzima ikaharibika.

Hatua ya saba: ukikwama

Funga gazeti. Nasema kweli. Nenda kapike, kaoge, panda basi. Akili inaendelea kulitafuna, na ukirudi kidokezo kilekile kinasomeka kwa maana nyingine.

Ukirudi na bado kumekwama, shuku ulichokwisha kuandika. Kona isiyojaa kwa kawaida ina neno moja la uongo lililoandikwa kwa kujiamini. Tafuta lile ambalo limethibitishwa na njiapanda moja tu, lifute, ujaribu bila hilo.

Kisha, kama hapana budi, tafuta jibu moja. Kuna wanaosema hiyo ni kuiba. Mimi sikubaliani nao, hasa kwa mtu anayejaza kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Jina la mwigizaji wa miaka ya 1950 haliwezi kupatikana kwa kufikiri. Ama unalijua ama hulijui. Kutafuta jina ni kujifunza. Ila neno la mada usilitafute popote. Hilo ndilo ulilolijia, na linaweza kupatikana kwa kufikiri kila mara.

Ukimaliza, rudi usome maneno ya mada yote kwa mfululizo kutoka juu hadi chini. Jieleze kwa sentensi moja mtunzi amefanya nini. Usipoweza kujieleza, ujue ulijaza kwa njiapanda tu na mada imekupita. Itafute sasa, hata kama mraba umejaa. Mazoezi haya ya dakika mbili ndiyo yaliyonivusha kutoka Jumanne hadi Alhamisi.

Hatua ya nane: panga ratiba

Anza na Jumatatu peke yake kwa wiki nne. Ukiweza kumaliza Jumatatu mbili mfululizo bila kutafuta kitu, ongeza Jumanne. Usikimbilie Jumamosi kwa sababu ya sifa; halina mada, na bila mada utajifunza polepole mno. Kama muda ni mfupi, kuna fumbo dogo la visanduku 5 kwa 5 la gazeti hilohilo, lililoanza mwaka 2014. Linakuzoesha lugha ya vidokezo, lakini kwa udogo wake halikufundishi kuwinda mada.

Kwa aliye Afrika Mashariki, fumbo la kesho la Marekani huingia kwenye programu ya kulipia saa nne usiku kwa saa za New York, yaani saa kumi na moja alfajiri kwetu majira yao ya joto, na saa kumi na mbili asubuhi wanaporudisha saa zao nyuma. Ya Jumapili na Jumatatu hutangulia kwa muda wa saa nne. Mdogo wangu wa Tanga hulifungua akisubiri maji ya chai yachemke, huniandikia neno la ufunguo kabla mimi sijalala, nami huwa namwomba asiniambie.